Rangi Hupotelea Wapi Kati ya Skrini na Karatasi

Jaza mraba kwa bluu kali kuliko zote ambazo kompyuta inaweza kutoa, yaani nyekundu 0, kijani 0, bluu 255, kisha upeleke ukachapwe kwenye kadi ya harusi. Kitakachorudi kina uzambarau na kimepoa. Bibi harusi aliyechagua bluu ile ili iendane na magauni ya wasimamizi wake atamlaumu mbunifu, mbunifu atamlaumu mchapaji, na mchapaji atasema faili ilimfikia hivyo hivyo. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Mashine ilichapa tarakimu ilizopewa. Tatizo lilianza mapema zaidi, pale ambapo hakuna aliyeuliza tarakimu hizo zimepimwa kwa kipimo gani, na karatasi ile ina uwezo wa kubeba nini.

Tarakimu bila kipimo

Kila pikseli ya picha ya kidijitali ni tarakimu tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha bluu, kila kimoja kuanzia 0 hadi 255 kwenye faili ya biti 8. Ni rahisi kudhani kwamba tarakimu hizo ndizo rangi yenyewe. Lakini zinafanana na maelekezo ya mapishi yanayosema "tia vikombe viwili vya unga". Kikombe kipi? Cha kahawa, cha chai, au kile kikubwa cha plastiki cha kuchotea maji? Idadi ni ile ile, ila chapati hazitakuwa zile zile. Vivyo hivyo, kijani 200 kwenye kompyuta ya mkononi ya bei nafuu na kijani 200 kwenye skrini ya studio ni rangi mbili tofauti machoni.

Profaili ya rangi ndiyo inayoeleza ukubwa wa kikombe. Ni faili ndogo inayokaa ndani ya picha na kusema: nyekundu 255 ya hapa ni nyekundu hii hasa, kwa vipimo vya uoni wa binadamu vilivyowekwa na tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, mwaka 1931. Mfumo wa profaili tunaoutumia ulianza mwaka 1993, pale kampuni nane, zikiwemo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft, zilipounda chombo cha pamoja kiitwacho ICC ili picha iweze kutoka mashine moja kwenda nyingine bila kupoteza maana yake.

Profaili tatu zinatosha kujulikana kwa majina. sRGB, iliyotayarishwa na HP na Microsoft mwaka 1996, ndiyo finyu kuliko zote tatu, na ndiyo ambayo simu, vivinjari na maabara nyingi za picha huichukulia kuwa kipimo cha kawaida. Adobe RGB ya mwaka 1998 ni pana zaidi, hasa upande wa kijani na rangi za maji ya bahari. ProPhoto RGB, iliyotoka Kodak, ni pana kupita kiasi: baadhi ya rangi zilizomo ni hesabu tupu ambazo hakuna jicho linaloweza kuziona.

Upana huo una gharama yake. Picha ya Adobe RGB ikifunguliwa na programu isiyosoma profaili, tarakimu zake zinapimwa kwa kikombe kidogo cha sRGB, na picha nzima inapauka. Ngozi inaelekea ujivu, na majani yanakuwa kama nguo iliyoanikwa juani miezi mitatu. Mtu akiona hivyo huongeza ukolezi kwa mkono, na baadaye picha hiyo ikifunguliwa mahali panaposoma profaili vizuri, nyuso zinawaka chungwa. Kuna dalili ndogo ya kukusaidia: kamera nyingi zikiwekwa kwenye Adobe RGB, majina ya faili huanza na mstari wa chini, mfano _DSC au _MG. Ukiliona hilo kwenye picha za JPEG ulizoletewa na mwenzako, usihariri chochote kabla ya kuhakikisha profaili imo ndani.

Ushauri wetu kwa anayepiga JPEG ni kuiweka kamera kwenye sRGB na kuiacha hapo. Anayepiga RAW, yaani data ghafi ya kihisi cha kamera, hana haja ya kuhangaika, kwa sababu faili ya RAW bado haina profaili ya mwisho. Uchaguzi unafanyika wakati wa kuitoa kwenye programu.

Katika Photoshop kuna amri mbili ambazo kuchanganywa kwake kumeharibu kazi nyingi kuliko kosa jingine lolote la rangi. "Assign Profile" inabadilisha maana ya tarakimu na kuziacha tarakimu zenyewe, hivyo picha inabadilika machoni papo hapo. "Convert to Profile" inabadilisha tarakimu ili mwonekano ubaki ule ule, kadiri inavyowezekana. Ya kwanza ni ya picha iliyokuja bila profaili: jaribu sRGB kwanza, na ukiona ngozi imekaa sawa, umepata. Ya pili ni ya kuihamisha picha kutoka kipimo kimoja kwenda kingine, kwa mfano kabla ya kuipeleka maabara. Anayetumia ya kwanza mahali pa ya pili anakuwa amebadilisha kikombe bila kubadilisha idadi.

Skrini inayodanganya

Malalamiko ya kawaida kuliko yote, "picha zimetoka giza", mara nyingi hayatokani na printa. Skrini nyingi hutoka dukani zikiwa na mwangaza mkali mno, kwa sababu mwangaza ndio unaouza dukani. Mtu anayehariri kwenye skrini hiyo anaipunguza picha mpaka imkae vizuri machoni, na karatasi, ambayo haina taa nyuma yake, inaonyesha alichokifanya kwa kweli.

Kwa kazi ya kuchapa, mwangaza wa skrini unatakiwa uwe kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba, weupe wa D65 (weupe wa mwanga wa mchana), na gama ya 2.2 (namna toni zinavyopanda kutoka giza hadi mwanga). Kifaa cha kupimia, kama vile Spyder ya Datacolor au vya Calibrite, kinabandikwa kwenye skrini, kinasoma rangi moja baada ya nyingine, na mwishoni kinaandika profaili ya skrini yako. Kikikosekana, fanya hivi: fungua ukurasa mweupe mtupu, shika karatasi nyeupe ya A4 pembeni mwa skrini katika mwanga wa chumba unachofanyia kazi, kisha shusha mwangaza wa skrini mpaka vyote viwili vikaribiane. Si kipimo cha kitaalamu, lakini kinaondoa kosa kubwa. Zima pia ile hali ya usiku inayoitia skrini umanjano, na kama unahariri kwenye simu, toka kwenye hali ya rangi kali uende kwenye ya asili.

Aina ya skrini nayo ina neno. Kwenye maelezo ya kompyuta za mkononi za bei ya chini utakuta "45% NTSC", kipimo cha zamani cha rangi za televisheni. Hiyo ina maana ya takriban theluthi mbili tu ya sRGB, kwa hiyo nyekundu iliyokolea na chungwa iliyokolea zinaonekana kama ndugu wawili wasiotofautishika. Hakuna kupima kunakoweza kuiongezea skrini rangi isiyokuwa nayo. Kazi ya mwangaza, kukata na kupanga kurasa inafanyika hapo bila shida. Uamuzi wa rangi ya mwisho ufanyike kwenye skrini nyingine au kwenye karatasi ya majaribio.

Biti, na mahali kivuli kinapovunjikia

Faili ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi. Faili ya RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Tofauti hiyo huioni unapoitazama picha; unaiona unapoivuta.

Kihisi cha kamera huhesabu mwanga kwa mstari ulionyooka: mwanga ukiongezeka maradufu, tarakimu inaongezeka maradufu. Kwa hiyo kati ya zile ngazi 16,384, stopu (hatua moja ya mwanga kuongezeka maradufu) ya juu kabisa inachukua 8,192 peke yake, inayofuata 4,096, kisha 2,048, kisha 1,024. Kufikia kwenye koti jeusi la bwana harusi aliyesimama kivulini, zimebaki chache, na ndani yake kelele za kihisi zimechanganyika na picha. Ndiyo maana kufungua kivuli kwa stopu tatu kunaleta chembechembe na madoa ya zambarau, wakati kushusha sehemu angavu ambayo haijaungua hakuachi alama.

Kwa JPEG hali ni ngumu zaidi. Anga la jioni juu ya bahari linaweza kuwa na ngazi sitini tu kutoka chungwa hadi bluu. Ukizivuta zifunike eneo kubwa zaidi la toni, zinaachana, na anga linatoka na mistari kama ngazi za nyumba. Tiba ni kuanza na RAW, kufanya kazi katika biti 16 kwenye nafasi pana kama ProPhoto RGB, na kushuka hadi biti 8 na sRGB mwishoni kabisa, wakati wa kutoa faili. Usitumie ProPhoto katika biti 8 hata siku moja: ngazi 256 kwenye nafasi pana kiasi hicho zinakaa mbalimbali mno. Na kila unapoifungua JPEG, kuigusa na kuihifadhi tena kama JPEG, inabanwa upya, vipande vya pikseli 8 kwa 8 vinaanza kuonekana kwenye kingo, na haina kurudi nyuma. Hifadhi kazi yako kama PSD au TIFF, na JPEG iwe ya kutolea tu.

Ngozi

Hapa ndipo wahariri wengi wa kwetu wanapopoteza kazi nzuri, na sehemu ya sababu ni ya kihistoria. Kwa miongo mingi maabara zilizotumia vifaa vya Kodak zilisawazisha mashine kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Ngozi nyeusi haikuwa sehemu ya kipimo. Mazoea ya aina hiyo bado yamo katika vichungi na vitufe vya kupendezesha uso ambavyo kazi yake kubwa ni kupausha.

Tuanzie kwenye kamera. Mita ya kamera inataka wastani wa picha uwe kijivu cha kati. Gauni jeupe la bibi harusi likijaza fremu, kamera inashusha mwanga ili gauni liwe kijivu, na uso unazama. Ongeza theluthi mbili ya stopu hadi stopu moja, ukiangalia histogramu, ile grafu ya mwangaza wa picha, ili gauni lisiungue. Mwanga ulioupata hapo ni bora kuliko wowote utakaouvuta baadaye kwenye kompyuta, kwa sababu ya ile hesabu ya ngazi.

Ukifika kwenye kuhariri, usiyaamini macho peke yake, soma tarakimu. Katika mwanga wa kawaida, ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, ina mpangilio mmoja: nyekundu juu, kijani katikati, bluu chini. Ngozi ya kahawia iliyokolea inaweza kusomeka 120, 80, 60. Ukiona 118, 100, 98, hiyo ndiyo ngozi ya majivu, hata kama nyekundu yake ni karibu ile ile. Bluu ikipita kijani, uso umeingia zambarau. Kijani kikikaribia nyekundu, umeingia ukijani. Hilo hutokea sana kwa picha zilizopigwa chini ya miembe au kwenye bustani, kwa sababu nyasi zinarusha mwanga wake chini ya kidevu. Ukijani huo uko kivulini tu, basi uondoe kivulini tu kwa barakoa (kifuniko kinachoruhusu mabadiliko sehemu moja tu ya picha), la sivyo paji la uso litageuka jekundu.

Weupe nao unahitaji uangalifu. Wengi hubofya kifaa cha kusawazisha weupe juu ya gauni. Gauni la rangi ya maziwa si jeupe. Ukiiambia programu kwamba ni jeupe, programu inaongeza bluu kwenye picha nzima na ngozi inakufa. Bofya kwenye kadi ya kijivu uliyoipiga mwanzoni mwa kila eneo jipya.

Kung'arisha ngozi kwa kuvuta kitufe cha vivuli mpaka mwisho kunaleta ujivu kwa sababu nyingine. Umbo la uso mweusi huonekana zaidi kwa mng'ao: ule mwanga mdogo kwenye shavu, puani na juu ya nyusi. Ukiinua vivuli bila kuinua mng'ao, umbali kati ya viwili hivyo unapungua, na uso unakuwa bapa kama umepakwa vumbi. Tumia leya (tabaka la kuhariri juu ya picha) ya Curves badala yake, yaani mstari wa kurekebisha mwangaza kwa nukta. Inua nukta moja katikati ya chini, shikilia nukta ya giza kabisa isihame, na iache ile ya juu ipande kidogo. Weka leya hiyo kwenye hali ya "Luminosity" ili ukolezi wa rangi usibadilike, kisha uipunguze nguvu mpaka asilimia 60 au 70. Matokeo yake ni uso ule ule katika mwanga bora, na mwenye uso akijitazama anajijua.

Wino haung'ai

Skrini inatoa mwanga, wino unameza. Karatasi haiwezi kuwa nyeupe kuliko mwanga unaoiangukia, na kila tone la wino linapunguza weupe huo. Uchapaji wa ofseti, ule wa kiwandani wa sahani, unatumia wino nne (CMYK), sayani, majenta, njano na nyeusi, na mchanganyiko wake haufiki kwenye kijani kali, chungwa ya moto, wala bluu ile ya 255.

Ukiibadilisha bluu hiyo kwenda profaili ya SWOP, ya uchapaji wa Marekani, ambayo matoleo mengi ya Photoshop yameitumia kama chaguo la awali, unapata takriban sayani 88 na majenta 77. Majenta ikiikaribia sayani kiasi hicho, jicho linaona zambarau. Kwa hiyo mbunifu anayetaka bluu ya kweli kwenye karatasi aache pengo la angalau pointi 30: sayani 100, majenta 65 au 70. Haitakuwa kali kama ya skrini, lakini itakuwa bluu. Mwonyeshe mteja rangi hiyo tangu mwanzo, kabla hajaizoea ile isiyochapika.

Jambo la pili ni jumla ya wino. Kila wino una kiwango cha 0 hadi 100, kwa hiyo kinadharia mahali pamoja panaweza kubeba asilimia 400. Karatasi haiwezi. Karatasi laini ya majarida hubeba kati ya 300 na 330, ile ya magazeti karibu 240. Ukizidisha, wino haukauki kwa wakati, unahamia mgongoni mwa karatasi iliyo juu yake, na kurasa zinagandana. Wahanga wakubwa ni suti nyeusi, nywele na usiku. Dawa si kupunguza kwa mkono rangi moja moja; ibadilishe picha kwa profaili ya karatasi husika, kwa kuwa kikomo kimo ndani yake na programu yenyewe itapunguza zile rangi tatu na kuongeza nyeusi. Muulize mchapaji jina la profaili. Kwa karatasi laini wengi watakutajia moja ya zile za FOGRA, taasisi ya uchapaji ya Ujerumani: FOGRA39 au FOGRA51. Asiyejua akupe angalau kikomo cha wino.

Gazeti lina shida ya ziada: nukta za wino hunenepa karatasi inapozinywa. Profaili ya magazeti iliyotumika sana, ISOnewspaper26v4, imebeba namba 26 katika jina lake kwa sababu toni za katikati huongezeka kwa asilimia 26. Nukta uliyoiweka 50 inasomeka kama 76. Picha ya uso uliokolea ambayo haikubadilishwa kwa profaili hiyo inatoka kama kivuli chenye meno.

Nyeusi yenyewe inahitaji kuamuliwa. Kwa maandishi madogo tumia nyeusi 100 peke yake. Ukitumia wino nne na sahani moja ikasogea hata sehemu ndogo ya milimita, kila herufi inapata kivuli cha rangi. Kwa eneo kubwa, nyeusi 100 peke yake inatoka kama kijivu cha mkaa. Ongeza sayani 60, majenta 40 na njano 40, jumla 240, na itakolea. Maandishi meupe membamba juu ya weusi huo mzito yataliwa na wino, hivyo yanenepeshe.

Kitenge kama kipimo

Chukua picha ya vitenge vya chungwa na feruzi vilivyokolea, mikunjo yote ikionekana kwenye skrini. Kwenye karatasi mikunjo inatoweka na nguo inakuwa bamba moja la rangi. Kilichotokea ni hiki: mkunjo wa juu na wa chini vilikuwa chungwa mbili tofauti, zote mbili nje ya uwezo wa wino, na programu imezileta zote kwenye mpaka ule ule.

Hapo ndipo njia ya kubadilisha inapokuwa na maana. "Relative Colorimetric" inaziacha rangi zinazochapika kama zilivyo na kuzikata zilizo nje ya mpaka. "Perceptual" inazisogeza zote ndani kwa uwiano, hivyo mikunjo inabaki ingawa picha nzima inapoa kidogo. Kwa picha ya uso kwenye mandhari tulivu chagua ya kwanza, pamoja na fidia ya nukta nyeusi ("Black Point Compensation"). Kwa vitenge, maua na mapambo ya ukumbi, jaribu ya pili, halafu linganisha.

Kulinganisha kunafanyika kabla ya kubadilisha chochote. Kwenye menyu ya View fungua "Proof Setup", chagua "Custom", weka profaili ya mchapaji na uchague njia. Washa pia "Gamut Warning", na sehemu zisizochapika zitafunikwa kijivu. Ukiwasha mwigo wa rangi ya karatasi ("Simulate Paper Color"), picha itaonekana imekufa ghafla. Geuza macho kando sekunde chache kabla ya kuiwasha, kwa sababu kinachokushtua ni ile tofauti ya ghafla.

Kisha rekebisha kwa mkono. Tengeneza leya ya Hue/Saturation, chagua rangi ya chungwa tu, punguza ukolezi kwa 10 hadi 20 mpaka kijivu cha onyo kipungue. Juu yake weka leya ya Curves yenye barakoa ya nguo pekee, uongeze tofauti ya mwanga na kivuli. Mikunjo inarudi kwa njia ya mwangaza, kwa kuwa njia ya rangi imefungwa. Si lazima kumaliza kijivu chote. Mabaki madogo kwenye ncha za ushanga hayaonekani.

Faili moja haiendi kila mahali

Maabara ya picha na printa ndogo za studio zinazotumia joto hutaka sRGB. Ukizipelekea CMYK, mashine inaibadilisha tena kurudi RGB, na kilichokwisha kukatwa hakirudi. Wachapaji wa mabango makubwa wana programu yao ya kutafsiri rangi, na wengi hupendelea wapewe RGB yenye profaili, waulize. Ofseti ndiyo inayohitaji CMYK, na hapo peleka PDF/X-1a au PDF/X-4, aina za PDF za uchapaji, kadiri kiwanda kitakavyosema, ukiongeza milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukatwa.

Kuhusu ukubwa, sahau ile namba 72 iliyoandikwa kwenye faili. Haibadilishi lolote mpaka useme picha itachapwa kwa upana gani. Kinachohesabika ni pikseli. A4 kwa pikseli 300 kwa kila inchi ni 2,480 kwa 3,508. Picha ya 1,600 kwa 1,200 iliyopita kwenye WhatsApp kama picha ya kawaida, ukiitandaza upande mrefu wa A4, inabaki na pikseli 137 kwa inchi, na kope zinakuwa ukungu. Mwombe aliyeipiga akutumie ile ya asili kama dokumenti. Bango la mita 2 kwa 1 linalotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara linatosheka na 100 kwa inchi, yaani pikseli 7,874 kwa 3,937. Kunoa kingo ni hatua ya mwisho, baada ya picha kufikishwa kwenye ukubwa wake. Ukinoa mapema halafu ukapunguza ukubwa, kazi hiyo inapotea, na ukiikuza, kila ukingo unapata mstari mweupe.

Kipande cha majaribio

Kabla ya kadi 500 kuchapwa, lipia karatasi moja. Panga juu yake uso wenye ngozi iliyokolea uliopigwa katika mwanga mzuri na ambao wewe mwenyewe umeuhakikisha kwa tarakimu, kipande cha kitenge, mraba wa bluu ya harusi, ngazi za kijivu kutoka 5 hadi 95, na mstari wa maandishi madogo. Ichapishe kwenye karatasi ile ile na mashine ile ile itakayotumika kwa kazi. Usiitazame chini ya taa ya duka pekee, kwani taa nyingi za mirija huegemea ukijani na rangi mbili zinazolingana hapo zinaweza kuachana nje. Itoe mlangoni, kwenye kivuli cha mchana, mbali na ukuta wenye rangi.

Kama kijivu kina wekundu, ngozi nayo itakuwa na wekundu, na kosa liko kwenye mashine au profaili, usiuguse uso. Kama kijivu ni safi na uso bado haujakaa, kosa liko kwenye uhariri wako. Rekebisha upande huo mmoja tu, chapa tena, kisha andika mgongoni mwa karatasi jina la profaili, aina ya karatasi, mashine na tarehe. Mteja atie sahihi hapo hapo.